Maktaba Shirikishi na Wito wa Huduma Isiyokuwapo

Maktaba shirikishi ni mkusanyo wa taratibu zilizowekwa pahali pamoja ili programu nyingi zizitumie bila ya kila moja kubeba nakala yake. Na katika aghalabu ya mifumo ya Linux, maktaba iitwayo glibc ndiyo inayosimama baina ya programu na kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikipeleka maombi na kurudisha majibu.

Maadamu maktaba na kerneli hutolewa kwa nyakati mbalimbali, hutokea mara nyingi maktaba mpya ikawekwa juu ya kerneli kongwe, ikaomba huduma ambayo huko haijapata kuwako. Kila huduma ina nambari yake, na kerneli isiyoitambua nambari iliyoletewa haiiui programu iliyouliza, bali huacha katika rejista ya prosesa jibu la hasi 38, liitwalo ENOSYS, maana yake huduma hii haipo. Hapo maktaba ama hushika njia ya zamani, ama huifikishia programu udhuru huo kama ulivyo.

Kushika njia nyingine si heri daima. Huduma ya copy_file_range, ambayo hunakili faili ndani ya kerneli yenyewe, iliingia katika Linux 4.5 mwaka 2016, glibc 2.27 ya mwaka 2018 ikaiigiza penye kerneli zisizokuwa nayo, lakini mwigo haukulingana na asili, na katika toleo la 2.30, mwaka 2019, ukaondolewa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani programu iliyoambiwa kweli hujipangia la kufanya.

Mpango huu wote umeegemea ukweli wa jibu lile. Glibc 2.33 ya mwaka 2021 ilipoanza kuomba kwanza faccessat2, huduma iliyoletwa na Linux 5.8 mwaka 2020 ya kuuliza idhini juu ya faili, machujio ya usalama yaliyozingira baadhi ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, kwa kutoijua nambari hiyo, yalijibu EPERM, yaani huna ruhusa. Mtoto aliyetumwa sukari akiambiwa imekwisha, atakwenda duka la pili. Akiambiwa amekatazwa, atarudi nyumbani mikono mitupu. Ndivyo ilivyofanya maktaba: haikujaribu njia kongwe iliyokuwa wazi, na programu zikaarifiwa kwamba hazina idhini juu ya faili zilizokuwa halali kwao.

Basi kila atungaye chujio la namna hiyo na airudishie ENOSYS kila nambari asiyoijua, na EPERM aiweke kwa yale tu aliyokusudia kuyakataza.