Kisu na Nyama: Zana za Ridhaa na Zana za Kulipwa katika Mashine za Michezo

Seremala wa Msamala, mjini Songea, akinunua randa, halazimiki kumwomba aliyeitengeneza ruhusa ya kuuza kabati lake. Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Lakini historia ya mashine za michezo yaonyesha kwamba mtu aweza kupewa kisu kikali, na nyama ikabaki imefungiwa.

Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza mashine iitwayo PlayStation mwezi wa Desemba, 1994. Waliotaka kuitungia michezo walilazimika kufunga mkataba, kutunza siri, na kutumia vifaa visivyouzwa madukani. Miongoni mwa vifaa hivyo kilisifika Psy-Q, kazi ya SN Systems ya Bristol, Uingereza.

Mwaka wa 1996 huko Japani, na mwaka uliofuata huko Ulaya na Marekani, mlango ulifunguliwa kidogo. Sony iliuza mashine nyeusi, Net Yaroze, kwa dola 750 hivi, pamoja na waya wa kuiunganisha na kompyuta, vitabu na programu za kutungia. Mtunzi wa ridhaa, asiye na kampuni, aliweza kuandika kwa lugha ya C kama mafundi wa kulipwa. Na programu iliyoyageuza maandishi yake yawe amri za mashine ilitokana na kazi ileile huria ya GNU waliyoitumia wao.

Basi tofauti ilikuwa wapi? Ilikuwa katika nafasi, na katika njia ya kutokea. Mchezo wa ridhaa ulipitishwa katika waya, ukakaa wote katika kumbukumbu ya mashine, ambayo sehemu yake kuu ilikuwa megabaiti 2 tu. Ilhali mchezo wa kulipwa ulisomwa kutoka diski yenye megabaiti zaidi ya 600. Tena PlayStation ya nyumbani ilidai alama ambayo diski iliyoandikwa na mtu binafsi haikuwa nayo. Mtunzi aliweza kuwaonyesha wanachama wenziwe, na pengine kazi yake ikatolewa katika diski ya gazeti, bali kuiuza hakuweza. Mchezo wa XI, ulioitwa Devil Dice huko Marekani, ulizaliwa katika Net Yaroze. Lakini ili ufike sokoni mwaka wa 1998, ilibidi upite mlango wa kulipwa.

Katika Afrika Mashariki, Mkenya Wesley Kirinya alishika njia nyingine. The Adventures of Nyangi, mchezo wake wa mwaka wa 2007, ulitungiwa kompyuta, ambayo haina bawabu. Mwaka wa 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts.

Leo kijana wa Msamala mwenye kompyuta aweza kupata bure programu za kutungia michezo. Hata hivyo, kabla ya kuuliza zana yaweza kufanya nini, hana budi kuuliza ni nani ashikaye ufunguo wa mlango ambao kazi yake itatokea.