Unyevu wa nyumba katika pwani ya Kilwa na Lindi

Unyevu wa nyumba ni maji yanayoingia na kubaki ndani ya msingi, sakafu, kuta au paa la jengo. Katika pwani ya Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, hasa Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na mji wa Lindi, tatizo hili ni la zamani na linagusa aina zote za majengo: magofu ya mawe ya matumbawe, nyumba za miti na udongo, na nyumba za kisasa za matofali ya saruji. Unyevu huharibu rangi na lipu, huozesha mbao, huvuta mchwa, na unaweza kuangusha ukuta. Pia huathiri afya ya wakazi.

Mazingira

Pwani ya Kilwa na Lindi ina joto karibu mwaka mzima na hewa yenye mvuke mwingi kutoka Bahari ya Hindi. Kwa kawaida kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kipindi cha Juni hadi Oktoba ni kikavu zaidi, nacho hufaa kwa ujenzi na ukarabati.

Baadhi ya mvua huja na madhara makubwa. Mafuriko ya Januari 2020 mkoani Lindi yaliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia na Kilwa, na mvua zake zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi.

Katika sehemu za chini karibu na bahari, maji ya ardhini hayako mbali na uso wa ardhi, na mara nyingi yana chumvi. Upepo wa bahari nao hubeba chembe za chumvi zinazotua kwenye kuta. Chumvi hunyonya mvuke wa hewani, hivyo ukuta wenye chumvi unaweza kuonekana umelowa hata siku isiyo na mvua.

Jinsi unyevu unavyoingia

Kuna njia nne kuu.

1. Kupanda kutoka ardhini. Mawe, matofali, udongo na lipu vina matundu madogo sana. Maji hupanda kupitia matundu hayo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Katika kuta nyingi hayazidi mita 1 hadi 1.5, kwa sababu huku yakipanda hukauka pia kupitia uso wa ukuta.

2. Mvua. Maji huingia kupitia paa linalovuja, nyufa, au kwa kupiga ukuta moja kwa moja. Matone yanayoanguka kutoka kwenye paa hurukia sehemu ya chini ya ukuta na kuimomonyoa.

3. Mvuke wa hewani. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye joto la sentigredi 30 inaweza kubeba takribani gramu 30 za mvuke. Kwa sentigredi 25 ni takribani gramu 23. Hewa hiyo ikigusa kitu cha baridi, mvuke unaozidi hugeuka kuwa maji.

4. Shughuli za ndani. Kupika, kuoga na kuanika nguo ndani huongeza mvuke, na bomba linalovuja ukutani huleta maji mfululizo.

Nyumba za mawe za kale

Wajenzi wa zamani wa Kilwa walitumia hasa mawe ya matumbawe ya nchi kavu kwa kuta. Matumbawe laini yaliyokatwa baharini yalichongwa yangali mabichi kwa ajili ya mihrabu, miimo ya milango na mapambo. Mawe yalishikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Baada ya kuchomwa, chokaa iliachwa inyeshewe na kupoa kwa muda mrefu kabla ya kutumika.

Paa nyingi zilikuwa bapa: boriti za mikoko zilizobeba tabaka nene la mawe madogo na chokaa lililopigwapigwa hadi kushikana. Neno "sakafu" na kitenzi "kusakifu" vinahusiana na kazi hiyo ya kushindilia chokaa na mawe. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba paa zito katika nafasi pana, vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3.

Nyumba hizo hazikuwa na tabaka la kuzuia maji. Zilitegemea ukavu wa mara kwa mara: chokaa hupitisha mvuke, hivyo maji yaliyoingia wakati wa mvua yalitoka wakati wa kiangazi. Mahali palipochaguliwa na namna ya kuinua sakafu vilisaidia pia. Jumba la Husuni Kubwa, la karne ya 14, lilijengwa juu ya jabali kando ya bahari. Katika Songo Mnara nyumba nyingi zina ngazi za kupandia kuingia ndani, na nyua zilizo chini kuliko vyumba.

Mfumo huu ulihitaji matunzo. Paa la chokaa lisipozibwa nyufa, maji huingia kwenye boriti, boriti huoza, na paa huanguka. Baada ya hapo mvua hunyesha moja kwa moja juu ya kichwa cha ukuta na kuosha chokaa iliyo kati ya mawe. Magofu mengi ya pwani yaliporomoka kwa hatua hizo. Hata Msikiti Mkuu wa Kilwa, uliopanuliwa katika karne ya 14, ulianguka kwa sehemu na kujengwa upya katika karne ya 15.

Nyumba za miti na udongo

Nyumba za miti na udongo zimekuwa makao ya watu wengi wa Kilwa na Lindi kwa karne nyingi. Nguzo huchimbiwa ardhini, fito hufungwa kwa mlalo, na nafasi hutomewa kwa udongo au mawe madogo kabla ya kukandikwa. Paa huwa la makuti au la bati.

Udongo mkavu hubeba mzigo vizuri, lakini udongo uliolowa hulainika. Sehemu iliyo hatarini zaidi ni sentimita 30 hadi 50 za chini, ambako maji ya ardhini na matone ya mvua hukutana. Nguzo huoza hapohapo usawa wa ardhi. Kwa sababu hiyo nyumba nzuri ya udongo ina upenu mrefu, baraza au kitako cha mawe kinachozunguka kuta, na mchirizi wa kupeleka maji mbali. Kukandika upya kila baada ya mvua ni sehemu ya kawaida ya matunzo yake.

Kubadilisha makuti kuwa bati bila kurefusha upenu huleta tatizo jipya. Bati humwaga maji yote kwa nguvu kwenye mstari mmoja, na mstari huo ukiwa karibu na ukuta, kitako cha nyumba huliwa haraka.

Nyumba za matofali ya saruji

Saruji ilienea zaidi baada ya kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kuanza kazi mwaka 1966. Kusini, upatikanaji wake uliongezeka baada ya kiwanda cha Dangote kufunguliwa Mtwara mwaka 2015. Wakazi wengi huona tofali la saruji kuwa kinga ya maji, lakini tofali lenyewe hunyonya maji kama jiwe. Nyumba ya saruji isiyo na tabaka la kuzuia unyevu hupandisha maji sawasawa na nyumba ya kale.

Kosa lingine la kawaida ni kutumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha. Chumvi yake hubaki ndani ya lipu na zege, huvuta mvuke, na huharakisha kutu ya nondo. Nondo ikipata kutu hutanuka na kupasua zege.

Nafasi iliyo chini ya sakafu

Katika baadhi ya nchi, kama Marekani, nyumba nyingi za mbao husimama juu ya nafasi fupi iliyo kati ya ardhi na sakafu. Zamani nafasi hiyo iliachwa na matundu ya hewa. Katika majimbo ya joto na unyevu ilionekana kwamba hewa ya nje huingia na kutoa maji kwenye mbao zilizopozwa na viyoyozi. Kwa hiyo wajenzi wengi sasa hufunika ardhi yote kwa karatasi nene ya nailoni, huziba matundu, na kukausha hewa ya ndani kwa mashine.

Nyumba za Kilwa na Lindi kwa kawaida hazina nafasi hiyo. Sakafu hulala juu ya kifusi. Kanuni ya kufunika ardhi ni ileile, ila nailoni huwekwa chini ya jamvi. Kuziba matundu ya hewa hakufai kuigwa katika nyumba isiyo na kiyoyozi. Humo upepo unaopita dirisha hadi dirisha ndio unaokausha kuta. Chumba chenye kiyoyozi ni tofauti: madirisha yakiachwa wazi huku kiyoyozi kikifanya kazi, mvuke wa nje hugeuka maji kwenye kuta na vitu vya baridi.

Dalili na madhara

Dalili za kawaida ni:
- alama ya maji yenye mstari wa mlalo sehemu ya chini ya ukuta;
- unga mweupe wa chumvi juu ya lipu;
- rangi inayovimba na kubanduka;
- lipu inayotoa sauti ya uwazi ikigongwa;
- madoa meusi ya ukungu na harufu ya uvundo, hasa nyuma ya makabati;
- njia za mchwa kwenye miimo ya milango.

Kipimo rahisi ni kugandisha kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa, kwa siku 1 au 2. Maji yakionekana upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumbani, yanatoka hewani.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Mwongozo huo unahusisha hali hiyo na pumu, kikohozi na matatizo mengine ya kupumua.

Njia za kuzuia

Katika nyumba mpya, hatua muhimu hufuatana hivi:
1. Kuchagua mahali palipoinuka, na kuepuka njia za maji zinazokauka wakati wa kiangazi.
2. Kuinua msingi. Tabaka la kuzuia unyevu linapaswa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Katika maeneo ya mafuriko, juu zaidi.
3. Kujaza mawe au kokoto zisizo na udongo chini ya jamvi na kushindilia.
4. Kutandaza mchanga mwembamba, kisha karatasi ya nailoni isiyopungua unene wa milimita 0.25. Vipande vipishane kwa angalau sentimita 15, na kingo zifike kwenye tabaka la ukutani.
5. Kulaza ukanda wa kuzuia maji, wa lami au plastiki, juu ya msingi wote kabla ya kupandisha ukuta. Ukanda huo usikatike kwenye pembe wala milangoni.
6. Kuacha upenu wa sentimita 60 au zaidi na kuelekeza maji ya paa kwenye mtaro au tangi.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kazi ya kwanza ni kuondoa chanzo: kuziba paa, kutengeneza mabomba, kuondoa udongo uliorundikana ukutani, na kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Kupaka rangi au lipu mpya kabla ya hapo huficha tatizo kwa muda tu. Lipu yenye chumvi hubanduliwa na ukuta huachwa ukauke kiangazi chote. Ukuta mnene unaweza kuhitaji zaidi ya msimu mmoja.

Saruji na majengo ya kale

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa huonekana imara, lakini huzuia mvuke kutoka. Maji hubaki ndani, hupanda juu zaidi, na chumvi huganda nyuma ya lipu hadi kuibandua pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana wahifadhi hupendelea chokaa katika majengo ya aina hii. Jambo hili linahusu pia nyumba za zamani za Kilwa Kivinje, ambazo baadhi bado zinakaliwa na kukarabatiwa na wenyewe.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miongoni mwa sababu zilikuwa maji ya mvua, mimea na mmomonyoko wa ufuko. Kazi ya ukarabati ilifanyika, na magofu yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Hata hivyo vichwa vya kuta visivyo na paa vinaendelea kunyeshewa, hivyo kuziba nyufa na kung'oa mimea ni kazi ya kila mwaka.

Matumizi ya chokaa yana gharama yake. Uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa uliharibu miamba ya bahari kusini mwa Tanzania, na uchomaji wake hutumia kuni nyingi. Kwa ukarabati wa leo, chokaa inayotokana na mawe ya nchi kavu hupunguza madhara hayo.

Tazama pia

- Kilwa Kisiwani
- Kilwa Kivinje
- Songo Mnara
- Matumbawe
- Chokaa
- Mkoa wa Lindi