Kibainishi: Dawa Isiyoponya

Neno dawa lina uwanja mpana katika Kiswahili. Tuna dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya viatu, wala hakuna adhaniaye kuwa kiatu kinaugua. Lakini neno hilo likitamkwa hospitalini, maana hubaki moja tu. Mkoani Singida nilimsikia mzee mmoja, aliyekwisha kunyweshwa bariamu na kupigwa eksirei ya tumbo, akiwaambia wanawe kuwa matibabu yamekwisha, warudi nyumbani. Alikuwa ameambiwa, "Kunywa dawa hii, mzee." Kosa halikuwa lake.

Eksirei ziligunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Mifupa huzizuia, bali nyama laini huzipitisha karibu sawasawa. Ndipo madaktari wakatafuta vitu vizito vya kutia mwilini ili kiungo kijitenge na jirani yake. Bariamu na aidini zimedumu hadi leo. Thorotrast haikudumu. Hiyo ilikuwa ya chembe ndogo mno za oksidi ya thori, ikatumika tangu karibu mwaka 1930 hadi miaka ya 1950. Picha zake zilisifiwa sana. Lakini thori hutoa mionzi, nazo chembe zilikaa katika ini na bandama bila kutoka, na miaka mingi baadaye baadhi ya wagonjwa wakapata saratani ya ini. Na hiyo nayo iliitwa dawa!

Watafiti wamezirudia chembe, safari hii kwa hadhari. Mwaka 2006 Hainfeld na wenzake walionyesha kwa panya kuwa chembe za dhahabu, zenye upana wa nanomita chache tu, huzuia eksirei kuliko aidini. (Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, iliwahi kufuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, matumizi haya hayakuwazwa.) Wengine wamezivika gadolini, ili chembe ileile ionekane katika eksirei na katika kipimo cha sumaku pia.

Kwa hiyo napendekeza kibainishi, kutokana na kitenzi bainisha, na kwa aina hii mpya, kibainishi cha chembenano. Wapo wapendao kitofautishi. Si baya, ila halisemi kinachobainishwa ni nini, na mgonjwa hawezi kulikisia. Kibainishi humpa muuguzi njia ya kueleza: "Hiki si cha kukutibu, mzee. Ni cha kutubainishia ugonjwa ulipo, matibabu yatafuata."