Skauti wa Kibera na Kawangware Katika Siku za Likizo

Mtu akitoka katikati ya mji wa Nairobi na kuifuata barabara ya Ngong kwenda magharibi, hufika penye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako wakulima na wafugaji huleta mazao na ng'ombe wao kushindana. Karibu na uwanja huo, penye miti mirefu, ipo kambi ya skauti iitwayo Rowallan. Ua wa kambi ukiisha, Kibera huanza. Alalaye hemani husikia redio za majirani usiku, na alfajiri humsikia muadhini. Kawangware nayo iko ng'ambo ya pili ya barabara, upande wa kaskazini-magharibi, na kijana mwenye miguu mizuri hufika huko kwa muda wa saa moja hivi. Nataka kueleza jinsi uskauti ulivyofika katika mitaa hii miwili, na kazi wanayoifanya vijana wake shule zinapofungwa. Maana kazi hiyo ina historia ndefu kuliko wanavyodhani wale wanaowaona wakipita na skafu shingoni.

Uskauti wenyewe ulizaliwa wakati wa likizo. Mwezi wa Agosti 1907 ofisa wa jeshi la Uingereza, Robert Baden-Powell, aliwachukua wavulana ishirini hivi akaenda nao katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa nchi ile, wakakaa huko yapata juma moja. Baadhi yao walitoka katika shule za matajiri, na wengine walikuwa wana wa watu wa kazi wa miji ya karibu. Walilala katika mahema mamoja, wakapika, wakafuata nyayo, wakafundishwa kuokoa mtu anayezama. Mwaka uliofuata, 1908, Baden-Powell alitoa kitabu chake, na kabla wino haujakauka vizuri vikosi vilikuwa vimeanza katika nchi nyingi.

Sifa ya bwana huyo ilikuwa imetoka Afrika. Katika vita vya Makaburu na Waingereza alizingiwa katika mji wa Mafeking kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900, na wakati huo wavulana wa Kizungu walivishwa sare wakapeleka barua na habari kwa baiskeli kutoka boma hata boma. Huo ndio mfano aliousimulia baadaye kuonyesha ya kuwa kijana aweza kuaminiwa kazi. Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kusimama kidogo. Waafrika ndio waliokuwa wengi katika mji ule, nao walipewa chakula kichache kuliko Wazungu, hata wengine wakafa kwa njaa. Na Wabarolong walioshika bunduki kuulinda mji hawakupata sifa kubwa katika magazeti ya London. Sisemi haya ili kumvunjia heshima mtu aliyelala kaburini Nyeri. Nayasema kwa sababu neno utumishi lilipofika kwetu lilikuwa tayari na swali ndani yake: nani amtumikie nani?

Nchini mwetu skauti wa kwanza walianza mwaka wa 1910, wakati Nairobi ilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu tangu reli ilipofika mwaka wa 1899. Watoto wa Wazungu walitangulia. Wahindi na Waafrika wakafuata, lakini kila taifa na vikosi vyake. Moja ya sheria za skauti yasema ya kuwa skauti ni ndugu wa skauti wote, walakini katika Kenya ya siku zile ndugu hao hawakusoma shule moja, wala hawakutibiwa hospitali moja, wala kukaa mtaa mmoja. Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, si mbali sana na Kawangware, ilikuwa miongoni mwa shule za Waafrika zilizokuwa na kikosi. Vijana hawa walijifunza sheria ile kwa moyo, na si ajabu kwamba baadhi yao walianza kuuliza mbona haitekelezwi.

Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri mwaka wa 1938, akakaa katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, akafa tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti, maana yake: nimekwenda nyumbani. Mkewe Olave alipofariki mwaka wa 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa papo hapo. Kila Februari skauti wa Kenya huenda kuzuru kaburi hilo, na kwa watoto wengi wa Kibera safari hiyo ndiyo ya kwanza kuuona Mlima Kenya kwa macho yao.

Na Rowallan? Ni jina la Lord Rowallan, Mskoti aliyekuwa Skauti Mkuu wa Dola ya Kiingereza tangu 1945 hata 1959. Katika miaka yake ya mwisho nchi yetu ilikuwa katika Dharura, iliyotangazwa Oktoba 1952. Na katika kambi ya Wamumu, walikowekwa vijana waliokamatwa wakati wa Mau Mau, uskauti ulitumiwa kuwa dawa ya kuwarudisha katika utii. Katika siku zake pia, mwaka wa 1949, skauti wa Uingereza walianza desturi mpya wakati wa likizo ya Pasaka. Kijana alibisha mlango, akaomba kazi yo yote, akaifanya, akapewa shilingi moja, na shilingi hiyo ikaingia katika mfuko wa chama. Ilikuwa desturi njema, iliyodumu miaka mingi. Lakini tazama inahitaji mtaa wa namna gani: wataka mlango wa kubisha, bustani ya kupalilia, motokaa ya kuosha, na mwenye nyumba ambaye shilingi moja haimwondolei chakula cha jioni.

Kibera haikuwa mtaa wa namna hiyo. Palikuwa msitu, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Waliokaa hapo kwanza ni askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902, pamoja na jamaa zao. Serikali iliwaacha wakae kama malipo ya utumishi wao, lakini haikuwapa hati. Wajukuu wa askari hao walingoja mpaka mwaka wa 2017 kupokea hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi ya zamani. Kwa muda huo wote watu wa makabila mengine walikuja kutafuta kazi mjini, wakapanga vyumba, wakajenga, hata vijiji vikashikana: Makina, Lindi, Laini Saba, Kisumu Ndogo, Gatwekera, Soweto na vinginevyo, na reli ikipita katikati yao. Watu hupenda kusema Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya mwaka wa 2009 iliwaona 170,000 hivi, na ni vizuri kijana ajizoeze kuuliza nani alihesabu. Kawangware ina asili nyingine. Ilikuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu katika Dagoretti, nje ya mpaka wa mji, na vyumba vya kupangisha viliota penye mahindi na migomba. Lakini mvua ya Novemba ikinyesha, mitaa yote miwili hupata taabu ile ile: mitaro huziba, na maji machafu huingia ndani ya nyumba.

Baada ya uhuru vikosi vya rangi mbalimbali viliunganishwa, na mwaka wa 1964 chama cha Kenya kikaingia katika chama cha skauti wa dunia. Majina ya madaraja yakawa ya Kiswahili: wadogo huitwa Sungura, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana wakubwa huitwa Jasiri. Wasichana nao wamo sasa. Mwaka wa 2010 mkutano wa dunia wa skauti wakubwa ulifanywa Kenya, na vijana wa mataifa mengi wakaja Nairobi. Nadhani watoto wa Kibera hawajapata kuona Wazungu wengi hivyo wakifua nguo zao wenyewe.

Likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo msimu wa kazi. Vikosi hufagia njia, huzibua mitaro, huchoma taka pale mkokoteni wa kuzoa usipofika, hupanda miche, huwachotea maji wazee wasioweza kubeba mtungi. Siku nyingine hucheza kandanda, na wenye bahati hukaa kambini Rowallan siku tatu au nne, wakala ugali na sukuma wiki waliopika wenyewe, mara nyingi ukiwa umeungua. Kambi hizo zina faida isiyoonekana kwa macho. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 1997 hazikuwa kitu mbele ya zile za mwisho wa Desemba 2007, wakati wa likizo vile vile, ambapo Kibera reli iling'olewa na soko la Toi likateketezwa, na jirani akamtazama jirani kwa lugha ya mama yake. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walikufa. Waliopata kulala hema moja na mtoto wa kabila lingine hawakuwa wengi wa kutosha kuzuia msiba ule, na mimi sitadai hivyo. Ila ni vigumu kumwogopa mtu uliyekwisha kumsikia akikoroma.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mwaka wa 2014 serikali ilileta Kibera mpango wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Maelfu ya vijana wa mtaa waliandikwa, wakazibua mitaro na kujenga vyoo, wakalipwa. Mwaka uliofuata ikazuka kashfa ya mamilioni ya shilingi katika shirika hilo, na kazi ikazorota. Kisha mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule mwezi wa Machi, ikaja likizo iliyokuwa ndefu kuliko zote, na serikali ikaanzisha Kazi Mtaani. Kijana alifagia na kuzibua akapewa shilingi 652 kwa siku. Baadaye zikapunguzwa kuwa 455. Fedha za mpango zilipokwisha, mafagio yaliwekwa chini.

Desemba moja baada ya hayo nilifuatana na kikosi kimoja cha Kawangware kwenda kuzibua mtaro nyuma ya safu ya ploti za kupangisha. Tulikuwa na makoleo matatu, reki moja na jozi mbili za mabuti ya mpira, kwa hiyo walipeana zamu. Mvulana mmoja wa Chipukizi, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alisimama akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kaka yangu alilipwa shilingi 455 kwa mtaro huu huu. Sisi tunafanya bure kwa nini?" Chuoni tulifundishwa namna ya kujibu maswali mengi, lakini hilo halikuwamo. Mtaro ule ni kazi ya wakuu wa mji, na kodi hutozwa kwa ajili yake. Mtoto akifanya bure kazi ambayo mkubwa amelipwa asiifanye, je, anatumikia mtaa, au anamfichia mvivu aibu yake? Nilinyamaza. Aliyejibu ni kiongozi wao, msichana wa daraja la Jasiri: "Kaka yako amekwenda, mtaro haukwenda. Na nyumba ya kwanza kuingiwa na maji ni yenu." Mvulana alicheka, akashika reki. Lakini jioni ile ile msichana yule aliketi akaandika barua kwa ofisi ya wadi kueleza urefu wa mtaro na mahali ulipobomoka, na kila skauti akatia sahihi, hata wa Sungura mmoja aliyeandika jina lake kwa herufi kubwa.

Tulipokuwa tukiosha makoleo, mama mmoja akaangaye samaki penye njia alituuliza, "Na mkifungua shule, wanangu, nani atauzibua?" Vijana walitazamana. Wakahesabu, wakaona kati yao kumi na wanne, tisa wanakaa ploti zile zile zinazopakana na mtaro. Basi wakagawana Jumamosi, wakamwachia mama koleo moja alitunze.

Barua haikujibiwa upesi. Mwezi wa Februari nilipita njia ile nikanunua samaki, nikamwuliza mama habari za koleo. Akaniambia halipo, limeazimwa na watu wa ploti ya tatu tangu juzi, nao hawajalirudisha kwa kuwa hawajamaliza upande wao.