Boti Iliyojengwa Ili Iinuke

Tarehe 18 Februari 1952 dhoruba ya kaskazini-mashariki iliikata vipande viwili meli ya mafuta Pendleton, karibu na Chatham katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Walinzi wa pwani walituma boti ya mbao ya futi 36, iliyoitwa kwa namba yake tu, CG36500, ikiwa na mabaharia wanne, Bernard Webber akiwa kiongozi wao. Usiku ule walirudi na watu 32 waliowatoa kwenye kipande cha tezi. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli. Hata hivyo, chombo chenyewe kinastahili kusikilizwa. Waliokibuni walijua kuwa bahari iliyochafuka hushinda kila boti wakati fulani, wakaamua kujenga ile itakayoweza kushindwa, ikasimama tena na kuendelea na safari.

Ukiitazama boti hiyo, iliyoundwa mwaka 1946 katika karakana ya Curtis Bay, Maryland, utaona uamuzi huo kila mahali. Imechongoka omo na tezi, ili wimbi linalokuja kwa nyuma lipasuke badala ya kulisukuma tezi pembeni. Mkuku wake ni wa bronzi nzito, na ndani mna vyumba vya hewa. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoirudisha wima ikipinduka. Maji yakiingia juu ya sitaha hutoka yenyewe, bila mtu kuyafua. Kwa mbio ilikuwa ya kawaida sana, noti 9 hivi, na haikuwa na starehe yoyote. Sasa angalia yaliyotokea kwenye fungu la mchanga la Chatham. Wimbi lilivunja kioo cha mbele, likang'oa dira, likailaza boti ubavu, na injini ikazimika. Boti ikainuka. Andrew Fitzgerald, fundi wa injini, alitambaa hadi kwenye chumba cha mashine akaiwasha upya. Walikuwa wamepoteza njia ya kujua waendako, na bado walikuwa na chombo chini ya miguu yao. Baadaye chombo hichohicho kilibeba watu 36, mzigo uliokizidi mno.

Kuna hoja nzito dhidi ya mtazamo huu, nayo ilitoka Uingereza. George Lennox Watson, aliyekuwa mshauri wa ubunifu wa boti wa shirika la uokoaji la huko, RNLI, tangu mwaka 1887, aliona kuwa boti za kujiinua za siku zake zilipata sifa hiyo kwa kufanywa nyembamba, na wembamba huohuo ukazifanya zipinduke upesi. Yeye alipendelea boti pana, tulivu, isiyopinduka kwa urahisi. Kwa muda mrefu mabaharia wengi walimuunga mkono, na hawakuwa wajinga: boti za mbao za jina lake ziliokoa watu wengi mno. Lakini Machi 1969 boti ya kituo cha Longhope, Scotland, ya aina hiyo, ilipinduka na watu wake wote 8 wakafa. Januari 1970 ile ya Fraserburgh, hukohuko Scotland, ilipinduka, wakafa 5 kati ya 6. Utulivu ulipofika mwisho wake, hapakuwa na kinga nyingine. Nadhani hapo ndipo hoja ya Watson inapokwama, hata kama alikuwa sahihi kuhusu boti alizozikosoa. Jibu lilikuwa kutafuta upana na uwezo wa kuinuka kwa pamoja, na RNLI ilifuata njia hiyo. Tayari mwaka 1964 ilikuwa imejipatia kutoka Marekani boti ya chuma ya futi 44, iliyokuwa na uwezo huo.

Huko Marekani, boti hizo za chuma ndizo zilizochukua nafasi ya zile za mbao za futi 36. CG36500 ilistaafishwa mwaka 1968, ikakaa nchi kavu zaidi ya miaka kumi, ikipigwa na jua na mvua. Kwa boti ya mbao hiyo ni adhabu kubwa kuliko dhoruba. Ubao ukikauka husinyaa, maungio yakaachana na kalafati ikalegea. Maji ya mvua nayo hutuama pembeni mwa mataruma na kuleta uozo, jambo ambalo maji ya chumvi hayalifanyi kwa kasi hiyo. Mwaka 1981 chama cha historia cha mji wa Orleans kiliichukua, na watu wa kujitolea wakaifufua hadi ikaelea tena.

Wapo watakaosema kuwa mbao zilizobadilishwa katika ufufuaji huo zimeondoa ukweli wa boti, na kwamba ingekuwa salama zaidi ndani ya jumba la makumbusho. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu ubao ukishatupwa haurudi. Lakini chombo hiki tangu siku ya kwanza kilikuwa cha kutengenezwa: rangi kila msimu, kalafati mpya, injini kubadilishwa ilipochoka. Na yale yanayokifanya kiwe cha pekee, yaani uzito wa mkuku, hewa iliyofungiwa ndani na maji yanayojitoa sitahani, hayaonekani yakifanya kazi mahali pengine popote ila majini.