Treni Isiyo na Dereva

Tarehe 15 Oktoba 1998, jiji la Paris nchini Ufaransa lilifungua njia ya 14 ya treni za chini ya ardhi, kutoka Madeleine hadi Bibliothèque François-Mitterrand. Treni zake hazikuwa na dereva. Kompyuta ndizo zilizoziendesha, zikafunga breki na kufungua milango. Kila abiria, kwa kujua au kutojua, alikuwa amekabidhi roho yake kwa programu.

Hofu haikukosa sababu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ariane 5 ilikuwa imeteketea angani kabla ya kutimiza dakika moja tangu irushwe kutoka Kourou. Injini hazikuwa na kasoro. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuingiza namba kubwa mno katika nafasi ya biti 16, mithili ya mtu amiminaye debe la maji katika kikombe, na kompyuta za uelekezi zikazimika. Katika Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi, programu hiyo haikuwahi kuleta matatizo. Majaribio huonyesha yaliyojaribiwa tu.

Wajenzi wa njia ya 14 walikuwa wamekwisha kuchagua utaratibu mwingine hata kabla ya ajali hiyo. Mwasisi wake, Jean-Raymond Abrial, aliuita B. Humo mhandisi haanzi kwa kuandika programu. Huanza kwa kuandika, kwa lugha ya hisabati, masharti yasiyovunjwa kamwe, kwa mfano kwamba treni mbili zisiwe katika kipande kimoja cha reli. Kisha hushuka hatua kwa hatua hadi kwenye programu yenyewe, akithibitisha kwamba kila hatua haikiuki iliyotangulia, kama mwanafunzi athibitishavyo kanuni ya jiometri. Kazi hiyo ilizaa hoja zaidi ya 27,000 za kuthibitishwa. Nyingi zilithibitishwa na kompyuta. Zilizosalia ziliwatoa wahandisi jasho. Majaribio yaliyofuata hayakupata kosa katika sehemu iliyothibitishwa.

Hata hivyo, hisabati haiulizi iwapo sharti lenyewe linafaa. Sharti lililosahauliwa halithibitishwi na yeyote. Relini masharti yanahesabika. Barabarani, ambako mtoto hukimbilia mpira wake ghafla, nadhani kuyaandika yote ni kazi ngumu kuliko kuyathibitisha.

Mwaka 2012 njia ya 1, kongwe kuliko zote jijini humo, nayo ilikamilisha kuhamia treni zisizo na dereva.