Jinsi Chembe Nyeupe za Damu Zinavyonata: Historia ya Ugunduzi wa Integrini

Mwaka 1867 daktari Mjerumani Julius Cohnheim, mwanafunzi wa Rudolf Virchow wa Berlin, alichapisha makala juu ya uvimbe na usaha, akaeleza humo kile ambacho hadubini ilimwonyesha katika mishipa midogo ya damu ya chura aliye hai: damu ilipunguza kasi, chembe nyeupe zikajitenga pembezoni na kunata kwenye ukuta wa mshipa huku zile nyekundu zikiendelea kupita, kisha kinundu kidogo kikachomoza upande wa nje, kikanenepa taratibu, mpaka chembe nzima ikawa imetoka. Augustus Waller alikuwa ameshaeleza jambo kama hilo mwaka 1846 alipochunguza ulimi wa chura, lakini kazi ya Cohnheim ndiyo iliyowashawishi wengi kwamba usaha hutoka katika damu, ingawa maelezo yake kwamba chanzo cha kunata kilikuwa badiliko la ukuta wa mshipa yalikuwa nusu tu ya ukweli.

Nusu ya pili ilisubiri zaidi ya karne moja, na ilifunuliwa kwa sehemu kubwa na mateso ya watoto. Mwaka 1979 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa ya watoto wachanga ambao vitovu vyao vilichelewa mno kudondoka na ambao waliandamwa na maambukizi mazito. Katika ugonjwa huo, kama ulivyokuja kufahamika, damu hujaa chembe nyeupe kupita kawaida, ilhali vidonda havitungi usaha, kwa kuwa chembe hizo haziwezi kunata na kutoka mshipani. Na hata kudondoka kwa kitovu, ambako wazazi hukungoja kwa wiki moja au mbili bila wasiwasi, hutegemea chembe hizo hizo kuingia katika kikonyo chake.

Wakati huohuo Timothy Springer, kwanza Cambridge katika maabara ya César Milstein na baadaye Boston, alikuwa akitumia kingamwili teule, yaani protini za kinga ambazo kila moja hushika shabaha moja tu, kutafuta protini za juu ya chembe nyeupe. Alipata Mac-1 na LFA-1, ambazo zina kijenzi kimoja cha pamoja, na katikati ya miaka ya 1980 ilithibitika kwamba kijenzi hicho ndicho chenye hitilafu kwa watoto wale. Mwaka 1986 kundi la Richard Hynes huko Marekani liliipa protini ya namna hiyo jina la integrini, kwa sababu inaunganisha mazingira ya nje na nyuzi za ndani ya seli, na mwaka uliofuata ulinganisho wa jeni ulionyesha kwamba protini za Springer ni za ukoo huohuo.

Uzuri wa integrini uko katika kujizuia kwake. Chembe inaposafiri, integrini hukaa imekunjwa kama goti na haishiki kitu. Ishara ya hatari inapofika, protini ya ndani iitwayo talini huushika mkia wake, nayo hunyooka, hufunguka na kukamata protini iitwayo ICAM-1 iliyo kwenye ukuta wa mshipa. Mshiko huo hurudisha ishara ndani, nyuzi za ndani ya seli, za protini iitwayo aktini, hujipanga upya, na chembe iliyokuwa duara hujitandaza ikawa bapa, ikatambaa ikitafuta upenyo.

Ujuzi huo ulizaa dawa. Natalizumabu, inayozuia integrini ili chembe zisiingie ubongoni na kuharibu neva, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, ikaondolewa sokoni mwaka 2005 baada ya wagonjwa kupata maambukizi hatari ya ubongo yanayosababishwa na virusi vya JC, ambavyo kwa kawaida chembe hizo huvidhibiti, kisha ikarejeshwa mwaka 2006 kwa masharti makali ya uangalizi.